Fundi wa kuhamisha usukani aliyekataliwa na mikono yake

Ukungu wa bahari bado umeikalia Alto Hospicio, mji ulio kileleni juu ya bandari ya Iquique. Hilarión Challapa ameketi juu ya kreti tupu la bia, mikono ameifumbata kwapani kama mtu anayesikia baridi. Mbele yake Landkruza kuukuu ya kijani imeinuliwa juu ya magogo. Haina dashibodi, haina viti, haina usukani. Chini ya injini imechomoza miguu miwili yenye buti.

"Usikaze bado," anasema. "Sikiliza kwanza nati inasemaje."

"Inasema imekuchoka," inajibu sauti kutoka chini.

"Zenobia, sitanii."

"Hata mimi sitanii. Nipe spana ya kumi na saba."

Hilarión anainama kuichukua kwenye sinia la vyombo. Inamponyoka, inagonga sakafu ya saruji, inabiringika hadi uvunguni. Mkono uliojaa grisi unachomoza, unapapasa, unaipata spana, unarudi gizani.

Mwenye mkono huo ni Zenobia Ticona, mwanamke mchomeleaji kutoka Oruro, ng'ambo ya mpaka wa Bolivia. Amefanya kazi na Hilarión tangu nywele za wote wawili zikiwa nyeusi. Miaka yote hiyo aliyelala chini ya gari alikuwa Hilarión, na aliyekaa juu ya kreti akingoja kuitwa alikuwa Zenobia.

Hilarión ana umri wa miaka sitini na moja. Alizaliwa Huallatani, kijiji cha wafugaji wa llama, wanyama wafananao na ngamia wadogo, huko juu milimani karibu na Colchane, ambako maji huganda kwenye ndoo hata wakati wa kiangazi. Aliteremka pwani akiwa kijana, akaajiriwa kuosha magari yaliyoshushwa melini kutoka Japani.

Magari hayo yalikuja na usukani wa kulia. Hapa gari la namna hiyo haliruhusiwi kutia tairi barabarani mpaka usukani uhamie kushoto. Gereji za kuhamisha zikaota kila pembe kama uyoga, na kijana muosha magari akaanza kuchungulia mafundi wanafanya nini.

"Nilichungulia mpaka wakanipa spana ili niache kuwasumbua," anasema.

Alijifunza haraka kwamba kuna njia mbili za kufanya kazi hiyo. Kuna ile ya kuhamisha kila kitu: boksi la usukani linang'olewa upande wa kulia, linatafutwa jingine la kushoto, linafungwa kwenye chesisi upande wa pili, na vyuma vyote vya kugeuza magurudumu vinapangwa upya. Pedeli zinahama, pampu ya breki inahama, nyaya zinarefushwa, hata taa za mbele zinabadilishwa zisiwapige machoni wanaokuja.

Njia ya pili ni ya mkato. Boksi linaachwa kulekule kulia. Unachukua chuma, unakipitisha nyuma ya dashibodi, unakiunga kwa kuchomelea, halafu unafunga usukani upande wa kushoto. Ukilitazama gari kwa nje, huoni tofauti. Dashibodi huficha mengi.

"Mimi ni mchomeleaji," anasema Zenobia, sasa ametoka uvunguni na anajifuta uso kwa kiwiko. "Nimechomelea mageti, matangi, hata kitanda cha mke wa mtu nimechomelea. Lakini usukani hauchomelewi. Siku ya kwanza niliyokuja hapa, mzee huyu aliniambia hivyo kabla hata hajaniuliza jina."

"Nilikuuliza jina."

"Uliniuliza kama najua kunyamaza."

Enzi hizo uwanja wao ulikuwa haulali. Walikuwa wakihamisha usukani wa magari matatu kwa wiki, mengi yakielekea Bolivia. Kisha sheria za ng'ambo zikabana magari ya zamani, na meli zikapungua. Gereji za jirani zikafungwa, moja ikawa kanisa, nyingine ikawa banda la matofali. Siku hizi Hilarión na Zenobia wakipata gari moja kwa mwezi wanashukuru Mungu. Kwa gari moja hulipwa peso laki tano hivi, na kodi ya uwanja humeza karibu nusu.

Hata hivyo, ukosefu wa kazi sio uliomvunja Hilarión. Anasema njaa ni mgeni anayemfahamu. Kilichomvunja kilianza na pikapu moja nyeupe.

Hilarión alikuwa na desturi yake. Gari likishamalizika, yeye ndiye wa kwanza kuliendesha, na huliteremsha kwa mteremko mkali unaotoka Alto Hospicio hadi Iquique, upande mmoja mlima, upande mwingine mchanga na bahari chini kabisa. Alisema kama usukani una kasoro, mteremko ule utaikuta kasoro hiyo, na ni haki imkute yeye aliyeutengeneza.

Mwaka juzi aliteremka na pikapu hiyo nyeupe, akarudi uso umemshuka. "Usukani unatetemeka," alimwambia Zenobia. Wakaufungua. Hawakuona kitu. Wakaufunga, akateremka tena, akarudi na neno lilelile. Wakabadilisha tairodi, wakabadilisha bearingi, wakalipeleka kupima magurudumu. Mwenye gari alikuwa akija kila asubuhi kuuliza, naye Hilarión alikuwa akimjibu kwamba bado.

"Nilikuwa siwezi kumpa mtu gari linalotetemeka," anasema. "Nilikuwa silali."

Mwishowe Zenobia akamnyang'anya funguo, akateremka mwenyewe. Aliporudi alizima injini, akakaa kitini kwa muda bila kushuka.

"Nilikuwa natafuta namna ya kusema," anakumbuka. "Nikaona namna haipo. Nikamwambia, gari limetulia kama maji mtungini. Anayetetemeka ni wewe, Hilarión."

Hilarión anasema alicheka. Kisha akainua mikono yake mbele ya uso, akaitazama kama mtu anayetazama vitu vya mwenzake. Wa kulia ulikuwa unacheza peke yake, kidole gumba kikizunguka juu ya kidole cha shahada kana kwamba kinahesabu sarafu.

Daktari wa zahanati alimwambia ni ugonjwa wa Parkinson, akamwandikia vidonge na kumweka kwenye foleni ya kumwona mtaalamu wa mishipa ya fahamu. Foleni hiyo bado anaingoja. Vidonge vinamsaidia asubuhi, mchana vinamwacha.

"Daktari alisema nisifanye kazi za hatari. Nikamuuliza, kazi gani si ya hatari? Akasema, kama ofisini. Nikamwambia sawa, nitamtuma mke wangu anitafutie ofisi."

Kwa miezi kadhaa walificha. Hilarión alifunga nati, na akishaondoka Zenobia alipita nyuma yake akazikaza upya. Hawakuwahi kukubaliana kwa maneno. Mke wa Hilarión, Eduvina, ambaye hupika chakula cha mchana katika kibanda kilicho nyuma ya gereji, alikuwa akiwaona.

"Nilimwambia Zenobia siku moja, mficha maradhi kilio humfichua," anasema Eduvina. "Akaniambia, basi tulie taratibu, mama, kazi iendelee."

Hapo ndipo ilipokuja Landkruza ya kijani.

Gari hilo lilikuwa limekaa kwa miaka mingi katika yadi ya mfanyabiashara mmoja, halijawahi kuhamishwa usukani, limefunikwa vumbi mpaka rangi yake ikasahaulika. Wanakijiji wa Huallatani walilinunua kwa kuchanga. Walikuwa wamechoka kungoja malori ya viazi kila mtu anapougua. Hospitali iko huku chini pwani, nao wako juu ya dunia.

Aliyetumwa kulileta ni Bi Florinda Amaro, mwenyekiti wa kijiji, aliyecheza na Hilarión utotoni na anayemwita kaka ingawa hawakuzaliwa tumbo moja. Alikuja na mpwa wake Efraín, dereva.

"Kaka, gari la kijiji haliguswi na mtu mwingine," alisema Florinda akiwa bado hajaketi. "Mkutano mzima umesema, tunataka mkono wa Hilarión."

Eduvina aliwapakulia kalapurka, mchuzi wa nyama na mahindi unaochemshwa kwa mawe ya moto. Hilarión alichota kijiko. Kabla hakijafika mdomoni, nusu ya mchuzi ilikuwa juu ya meza. Florinda akageuza uso kwa adabu, akajifanya anatafuta chumvi.

Hilarión anasema angeweza kuliacha lipite. Zenobia alikuwa ameshamkanyaga mguu chini ya meza. Badala yake aliweka kijiko, akatandaza mikono yote miwili juu ya kitambaa cha meza.

"Itazame, dada."

Florinda akaitazama. "Tangu lini?"

"Mwaka umepita."

"Na magari uliyotengeneza mwaka huu?"

"Zenobia amekaza kila nati nyuma yangu. Na hili atalikaza. Gari litakuwa salama, naapa kwa kaburi la mama. Lakini ni lenu, na nimeona ni haki mjue."

Florinda alimaliza chakula chake, akamshukuru Eduvina, akasema, "Nitazipeleka habari juu."

Haukupita muda mrefu Efraín akarudi na kamba na lori la kukodi. Mkutano ulikuwa umeamua. Wazee walisema hawawezi kuziweka roho za watu kwenye mikono inayotetemeka. Kuhusu Zenobia, mtu mmoja aliuliza ni fundi gani huyo mwanamke wa ng'ambo, na wengine wakacheka. Gari likavutwa hadi gereji nyingine huko chini, ambayo Hilarión hataki kuitaja. Ilidai nusu ya bei.

"Sikukasirika," anasema. "Ningekuwa mkutanoni, pengine hata mimi ningenyoosha mkono pamoja nao. Kama ungenyooka."

Wiki haikuisha, Landkruza ikapiga honi nje ya geti lake. Imeoshwa, imepakwa nta, usukani uko kushoto. Efraín alikuwa anapanda kijijini, na ndani alikuwa amembeba Mama Casimira, bibi kizee mfumaji aliyeteremshwa kufanyiwa upasuaji wa macho. Bado alikuwa na bandeji usoni.

"Mzee, njoo uone!" Efraín aliita. "Limependeza, au siyo?"

Mama Casimira akageuza kichwa. "Ni Hilarión mwana wa Petrona huyo?"

"Ni mimi, mama."

"Sikuoni, lakini sauti ni ya baba yako. Njoo unipe mkono."

Hilarión akampa mkono kupitia dirishani. Kizee yule akaushika kwa mikono yake yote miwili, akauhisi unavyocheza, akaubana mpaka ukatulia. Alimwambia kwamba bandeji zikitolewa atamfumia mfuko wa majani ya koka, yale wanayotafuna watu wa milimani, kwa sababu mfuko aliomwona nao zamani ulikuwa wa aibu.

Kisha Hilarión akapiga magoti, akachungulia chini ya gari.

Boksi lilikuwa bado kulia.

"Efraín," alisema akiwa bado chini, "hawakuhamisha kitu hawa. Wamepitisha chuma nyuma ya dashibodi. Usipande nalo mlimani. Lilaze hapa, nitawatafutia usafiri."

Efraín akacheka, si kwa ubaya. "Mzee wangu, lini umemsikia fundi akimsifu mwenzake? Nimeliendesha mji mzima. Liko sawa."

"Mjini ni tambarare."

"Mama Casimira anataka kulala kwake leo. Tutaonana kwenye sikukuu, mzee."

Na akaondoka. Zenobia alikuwa amesimama getini. Anasema funguo zilikuwa zinaning'inia palepale, mkono wake ungefika.

"Ningezichomoa," anasema.

Kwenye kona za juu ya Chusmiza, mahali barabara inapojikunja juu ya korongo, Efraín alikata kushoto na gari likaendelea moja kwa moja. Anasimulia kwamba usukani ulikuwa ukizunguka mikononi mwake kama sahani, haushiki kitu. Alifunga breki. Kokoto zikateleza. Landkruza ikatoka barabarani ikalala ubavu kwenye mtaro wa mawe, upande wa abiria.

Efraín alivunjika nyonga. Mama Casimira alifariki kabla ya gari la kwanza kupita.

Hilarión alipanda kwenda mazishini kwa lori la mizigo. Hakuna aliyemlaumu, hakuna aliyemwomba radhi. Walimpa nafasi ya kukaa, wakampa majani ya koka, wakamwacha. Mfuko wa vifaa vya kufumia vya marehemu ulizikwa naye.

"Watu huniambia, wewe ulisema kweli, huna kosa," anasema. Kidole gumba kinazunguka, anakibana kwa mkono wa pili. "Mimi nafikiri hivi. Ningenyamaza siku ile ya kalapurka, gari lingebaki hapa. Zenobia angekaza nati. Mama Casimira angekuwa anafuma. Ukweli wangu ndio uliowapeleka kule. Na nilipowaambia ukweli wa pili, hawakuweza kuusikia, kwa sababu wa kwanza ulikuwa umeshanimaliza."

Eduvina anayemsikiliza kutoka mlangoni anatikisa kichwa. "Kila siku ni hayo hayo. Anakula nayo, analala nayo. Nimemwambia aende akaongee na padri. Anasema padri hajui magari."

Kijijini, baadhi walitaka gari lichomwe moto. Wengine walisema liuzwe kwa watu wa mbali wasiojua habari zake. Florinda ndiye aliyesimama akasema kwamba ugonjwa haujafa pamoja na Mama Casimira. Akasema mjamzito atakayefuata atashushwa na nini? Akalipakia gari juu ya lori, bati lake limekunjamana, akaja nalo hadi geti la Hilarión.

"Kaka," alisema, "mikono yako tuliijua tukaiogopa. Ile ya wengine hatukuijua, na hatukuogopa. Huo ndio ujinga wetu."

"Dada, mimi siwezi. Imezidi tangu ulipoiona."

"Sikukuuliza kama unaweza. Nimekuja kukuuliza nani anaweza."

Hilarión akamwonyesha Zenobia, aliyekuwa akikata chuma kwenye kona, miwani ya giza usoni, hana habari. Au alijifanya hana.

"Yule mwanamke wa ng'ambo?" Florinda aliuliza.

"Ndiye huyo mliyemcheka."

Zenobia akavua miwani. "Nitalifanya," alisema. "Kwa sharti moja. Mzee huyu akae hapa kwenye kreti tangu mwanzo mpaka mwisho, na asiache kunisumbua. Siku akinyamaza, nachukua basi la Oruro."

Ndiyo kazi inayoendelea asubuhi hii. Chuma kilichochomelewa, kile kilichokatika mlimani, kimetupwa kwenye pipa la taka. Boksi la kushoto limepatikana kwenye gari lililokufa katika yadi ya vyuma chakavu, baada ya Zenobia kuzunguka yadi zote akirudi mikono mitupu. La kulia lisingefaa hata kidogo. Ukilifunga upande wa pili, dereva akikata kulia magurudumu yanakwenda kushoto.

Hilarión anamwelekeza kwa sauti. Amegundua kwamba anajua vitu ambavyo hajawahi kuvisema, kwa sababu mikono ilikuwa ikivifanya bila kuuliza. Inabidi avitafutie maneno. Wakati mwingine hayapati, anainuka, anakaribia, ananyoosha mkono, kisha anaukumbuka na kurudi kitini.

"Pedeli ya klachi, usiiweke kama ilivyokuwa kule. Huku kuna ukuta wa injini unaoingia ndani. Mguu utakwama."

"Nimeshaona."

"Basi kwa nini hukusema?"

"Nilitaka useme wewe."

Siku ya kumaliza, Florinda na Efraín wanafika kwa basi. Efraín anatembea kwa fimbo, amekonda, haangalii watu usoni. Zenobia anakaa nyuma ya usukani. Florinda na mpwa wake wanapanda nyuma bila kukaribishwa, na anapoambiwa si lazima, Florinda anajibu kwamba ni kijiji kitakachopanda gari hili, kwa hiyo kijiji kitashuka nalo.

Hilarión anabaki nje. Anazunguka gari mara moja, anagusa kioo, anafungua mlango wa kulia. Ni kiti cha abiria sasa. Anaketi, anaweka mkono mmoja pajani, wa pili anaukalia.

Mteremko unaanza mara tu mji unapokwisha. Malori yanapanda yakikoroma. Upepo unapeperusha mchanga juu ya lami. Zenobia anaendesha mabega yamekakamaa, hasemi mzaha wowote. Mguu wa Hilarión unakanyaga sakafu mahali ambapo breki ilikuwapo zamani.

"Ongeza mwendo," anasema.

"Unataka tufe?"

"Ongeza. Kasoro haitoki ukiibembeleza."

Zenobia anaongeza. Kwenye kona kubwa gari linainama, linaikata, linanyooka. Hilarión amefumba macho na kuegemeza kichwa kwenye nguzo ya mlango. Anasikiliza kwa mfupa wa shavu.

"Uachie kidogo."

Zenobia anaulegeza usukani, viganja viko hewani karibu kabisa nao. Landkruza inashuka moja kwa moja.

"Limekaa," anasema Hilarión.

"Limekaa," anaitikia Zenobia, na sasa tu mabega yake yanashuka.

Chini, karibu na bahari, wanaegesha. Efraín ndiye wa mwisho kushuka, fimbo ikimsumbua. Anasimama mbele ya Hilarión.

"Siku ile uliniambia," anasema.

"Nilikuambia."

"Sikukusikia, mzee."

"Hukusikia, ndiyo."

Hilarión anamshika kiwiko, wanatembea pamoja hadi mbele ya gari, polepole, mmoja anachechemea, mwingine anatetemeka.

Florinda anatoa chupa ya pombe kali, anamwagia kila gurudumu kidogo, anatupa majani ya koka juu ya boneti, kama inavyofanywa kwa kila gari jipya. Ila hataji bahati wala mali. Anataja jina la Mama Casimira kwenye kila gurudumu, kisha anamgeukia Zenobia na kumpa chupa.

"Na wewe mwaga. Ni kazi yako."

Zenobia anamwaga. Anakunywa iliyobaki, na Florinda anacheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

Gereji itafungwa. Zenobia amepata kazi ya kuchomelea kwenye mgodi karibu na Calama, ataanza mwezi ujao. Hakuificha habari hiyo, wala Hilarión hakumzuia. Mwenye uwanja ameshaleta watu kuupima kwa futi. Vyombo vya kazi anavichukua Zenobia, vyote, isipokuwa jeki moja ambayo Eduvina anaitaka kwa ajili ya kuinulia kitanda.

"Nilimwambia aje Calama, nitamtafutia kreti," anasema Zenobia akifunga sanduku. Anajaribu kucheka. Anageukia ukutani.

Hilarión naye anapanda Huallatani na Landkruza ya kijiji, yeye na mkewe, wakae huko msimu wote wa mvua. Dada yake wa tumbo moja anamtunzia llama wachache walioachwa na mama yao. Mwezi wa Februari llama hupambwa masikioni kwa nyuzi za rangi, watu wakiimba na kunywa, na yeye hajawahi kuiona sherehe hiyo tangu aliposhuka pwani.

Eduvina ana wasiwasi wa simu. Kule mtandao haushiki, na hospitali inaweza kupiga wakati wowote kumwita kwa mtaalamu.

"Kuna kilima juu ya zizi," anamwambia mumewe. "Dada yako anasema ukisimama juu ya jiwe kubwa, inashika."

"Nitapanda kila Jumatatu."

"Na miguu ikikataa?"

"Utapanda wewe."

Sokoni Hilarión amenunua nyuzi mwenyewe: nyekundu, kijani, na waridi lile kali linaloonekana kutoka mbali. Ameziweka kwenye mfuko wa plastiki juu ya godoro lililofungwa kamba. Eduvina anaukagua mfuko na kulalamika kwamba nyekundu haitatosha.

"Llama ni wangapi?" anauliza.

"Sijui," anasema Hilarión. "Dada hanitajii idadi. Anasema nije niwahesabu mwenyewe."

Eduvina anachukua pochi yake na kurudi sokoni kuongeza nyekundu.